Mafuta Ndani ya Chupa ya Kamali

Juzi watu watatu walinisimamisha sokoni Kamembe wakaniuliza: Mzee Ntabaza, kwa nini hadithi yako ya gazetini uliikata palepale ilipoanza kunoga? Niliikata kwa sababu pale ndipo aibu yangu inapoanzia, na aibu ni nzito kuliko saruji. Leo nimekunywa chai vikombe viwili. Naweza.

Aliyefungia sambaza, wale dagaa wetu wa ziwani, gazeti la wiki jana kabla ya kulisoma, nitamwambia kwa haraka.

Mimi ni mstaafu. Nilipima mizigo uwanja wa ndege miaka ishirini na sita. Kufundisha vijana kunyanyua vyuma nilijifunza mwenyewe, kwenye kurasa saba za gazeti moja la Kifaransa lililokuwa limefungia sabuni. Ukurasa wa nane sikuupata, kwa hiyo mambo yote ya mgongo niliyatunga.

Miaka kumi na miwili nilifundishia uwanja wa nyuma kwa Nzigire, mjane anayeuza sambaza kavu. Ekseli ya lori, makopo ya saruji, na mimi. Wenye macho walijua kwamba nilikuja kwa ajili ya vijana, na wenye akili walijua kwamba nilikuja kwa ajili ya baraza la yule mama.

Kisha akaja Muderhwa, amevuka mpaka kutoka Bukavu. Ni kine, mtu wa kutibu viungo na misuli. Shati jeupe, manukato, na begi dogo lenye mashine ya nyaya. Akasema kijana mwenye afya akinyanyua chuma huku umeme unakaza mapaja yake, atapata nguvu zaidi ya anayenyanyua chuma tupu.

Nilicheka. Nzigire hakucheka. Akasema: "Uwanja yangu ni moja, na banaume banaopiga kelele ndani ni babili. Mupime."

Tukachukua vijana kumi na wawili, wote wazima. Kwa kura, sita wangu, chuma tupu. Sita wa Muderhwa, chuma kilekile pamoja na umeme. Wiki nane. Siku ya mwisho kila kijana achuchumae na chuma kizito kadiri anavyoweza, tuhesabu kilo alizoongeza. Kocha wa kundi litakaloongeza zaidi abaki na uwanja. Mwingine aondoke.

Na kura ikamtupa Kamali upande wa pili. Kamali wangu, niliyemfundisha miaka minne, aliyekuja kwangu na miguu kama ya korongo.

Hapo ndipo tulipoishia. Sasa ungamo.

Jumatano ya wiki ya nane nilimkuta Kamali anafungua mikanda ya mashine mapajani. Nikaliangalia paja lile. Jicho langu ni mizani, nimewahi kumwambia abiria sanduku lake lina kilo ngapi akiwa bado anashuka kwenye pikipiki. Paja lilikuwa limeongezeka. Si sana. Lakini limeongezeka, na si mimi niliyeliongeza.

"Inauma?" nikamuuliza.

"Hapana, Kochi. Inaanza polepole, sawa na siafu banatembea mu ngozi. Kisha paja inajikaza yenyewe, hata kama weye hautaki. Na chuma iko juu ya mabega, unashuka, unapanda. Unasikia sawa muko bantu babili mu mwili moja."

"Kwa hiyo umeme ndio unakunyanyulia."

"Aa, Kochi! Dokta anasema umeme peke yake haina maana. Chuma njo kazi yenyewe. Umeme unaongeza tu kidogo juu."

"Dokta," nikarudia.

"Eeh. Dokta Muderhwa."

Si dokta. Hata yeye hajasema kwamba ni dokta. Lakini kijana akasema Dokta kwa mdomo uliojaa, na Kochi kwa mdomo mtupu.

Siku hiyohiyo Nzigire akatoka na chai. Zamani kikombe kilichotoka nyumba ile kilikuwa kimoja. Sasa vilitoka viwili. Nikaonja changu: hakina tangawizi. Nikanusa cha Muderhwa kwa mbali: kina tangawizi.

"Maman Nzigire," Muderhwa akamwita, "leta mkono uonje kidogo."

"Miye? Ile kintu itaniua!"

"Haiui. Ni umeme kidogo tu, unatoka mu batri. Batoto bote banaonja, weye tu njo bado."

Akambandika vibandiko viwili kwenye mkono, chini ya kiwiko. Akabonyeza. Vidole vya Nzigire vikajikunja kimoja kimoja, mpaka kiganja kikajifunga chenyewe. Na ndani ya kiganja kilichofungwa kulikuwa na vidole vya Muderhwa. Aliviweka mle kabla tu ya kubonyeza. Nilimwona.

"Yuuu! Ona mkono inakamata yenyewe!" Nzigire anacheka mpaka machozi.

"Mwachie," nikasema.

"Si miye, Mzee! Ni umeme njo unakamata!"

"Basi umwambie umeme umwachie."

Mashine ile hukaza sekunde sita, kisha hulegea sekunde nne. Nilishaipima. Nikahesabu mpaka sita. Ikalegea. Vidole havikuondoka. Nikahesabu moja, mbili, tatu, nne. Umeme haukuwepo, jamani. Umeme haukuwepo, na mkono ulikuwa palepale.

Mwaka wa 1979 nilinyanyua mtumbwi wenye watu tisa pale kisiwani Nkombo, kumi na moja ukihesabu na mapacha. Haukuwa mzito kama kile kikombe cha chai nilichokirudisha barazani siku ile.

Nikaamua.

Mpango wangu ulitaka asubuhi isiyo na watu, na nchi yetu hutupa moja kila mwezi. Jumamosi ya mwisho, umuganda. Tangu alfajiri mpaka saa tano maduka yamefungwa, kila mtu yuko na jembe lake kwenye kazi ya pamoja. Na Jumamosi hiyohiyo, saa tisa mchana, ndipo tulipopanga kupima.

Lakini umuganda ulikuwa na shida yake kwangu, nayo sikuwa nimemwambia mtu.

Nilimwambia Nzigire, na kupitia kwake mtaa mzima, nina miaka hamsini na minane. Nilikuwa na sitini na saba. Mtu akishapita sitini na mitano, hakuna anayemwita kwenye umuganda, akae nyumbani apumzike. Ila mwenye hamsini na minane lazima aende. Kwa hiyo miaka miwili mizima, kila mwezi, nilipita mbele ya nyumba ya Nzigire na jembe begani, nikachimba mifereji ambayo sheria ilishanisamehe, ili mjane aone mwanaume bado anachimba.

Jumamosi ile nikasema tumbo linauma.

Mtaa ulipotulia nikaingia uwanjani. Mashine ililala kwenye depo ya sambaza, na mlango wa depo haufungwi na kitu ila msumari uliopindwa. Niliupinda mimi.

Muderhwa ni mtu wa usafi. Ile jeli ya kupitisha umeme alimgawia kila kijana yake, chupa sita ndogo, kila chupa na plasta yenye jina. Nikaitafuta ya Kamali. Nikamimina jeli yake kwenye kikombe. Nikaijaza chupa mafuta yangu ya kuchua magoti, vaselini ninayoichemsha mwenyewe na majani ya mikaratusi. Mafuta hayapitishi umeme. Kijana asingesikia kitu, angelegea, angenyanyua kilo zake za zamani, na yule bwana angekunja nyaya zake arudi alikotoka.

Ningetoka pale pale, leo ningekuwa mtu mwingine. Lakini kikombe cha jeli kilikuwa mkononi, na mashine ilikuwa mezani. Wivu ukaniambia: Ntabaza, onja anachoonja Kamali.

Nikavua suruali, nikabaki na kaptura. Nikakaa juu ya gunia, nikajipaka, nikajifunga mikanda mapaja yote mawili. Nikabonyeza. Kimya. Nikabonyeza tena. Kimya. Nikabonyeza mara tisa, kama mtu anayebisha hodi kwa kiziwi.

Kumbe mashine ile hupanda polepole.

Miguu yangu ilinyooka kama makasia. Nikaruka kutoka kwenye gunia, nikaanguka chali, mguu wa kulia ukapiga beseni, sambaza wakapaa mpaka dari. Wa kushoto ukapiga ukuta, tofali likatoboka. Tundu bado lipo, mwenye shaka aende akaingize mkono.

Sekunde sita ikanikaza. Sekunde nne ikaniachia. Katika sekunde nne mtu wa miaka sitini na saba huweza kufanya jambo moja tu, kuvuta pumzi. Ikanikaza tena. Nikapiga kelele kwa jina la mama yangu.

Mlango ukafunguka. Mukakalisa, mkuu wa mtaa wetu, alikuwa anazunguka akitafuta waliojificha. Nyuma yake Nzigire, aliyerudi kuchukua karai la udongo.

Nzigire ndiye aliyezima mashine.

Mukakalisa alisema mengi. "Mzee Ntabaza! Leo ni umuganda. Bantu banachimba, weye uko mu depo ya maman wa bantu, na kaptura!"

"Miguu inaniuma, Maman Mukakalisa. Nilikuwa najitibu."

"Muntu ya miaka makumi tano na munane, miguu ikimuuma anaenda ku kituo ya afya, hapana kulala mu sambaza. Leta ndangamuntu, niandike jina."

Kitambulisho kilikuwa kwenye suruali, na suruali ilikuwa msumarini, karibu naye kuliko mimi. Akakitoa mwenyewe. Akakisogeza kwenye mwanga, akasoma kwa sauti ile anayosomea matangazo.

"Elfu moja mia tisa hamsini na moja." Akasimama. Akahesabu kwa vidole. "Mzee! Weye uko na makumi sita na saba! Ulishatoka mu umuganda zamani! Sasa ile mifereji yote ulikuwa unachimba ya nini?"

Sambaza mmoja akaniteleza kutoka kichwani. Huyo ndiye aliyekuwa jibu langu.

Mukakalisa akaondoka akicheka, na nilijua kabla ya saa tano mtaa mzima utakuwa unacheka naye. Nzigire akabaki. Akachuchumaa, akaanza kuokota samaki wake.

"Miaka mbili," akasema. "Ulichimba miaka mbili juu ya miye?"

"Ndiyo."

Akanitoa sambaza mwingine kwenye kola. Mkono wake ulikuwa mpole, na hilo liliniogopesha kuliko mashine.

"Mzee, miaka haiko shida. Bwana yangu alikuwa kijana, na alikufa kijana. Uongo njo shida. Yeye alinidanganya mpaka siku tulimuzika, na ku kaburi njo nilijua kuko maman mwingine. Sitaki tena. Kuko kintu kingine umenificha?"

Nyuma ya bega lake, usawa wa macho yangu, chupa sita zilikuwa zimejipanga. Jina la Kamali lilinitazama.

"Hakuna," nikasema.

"Vizuri. Juu ukinidanganya tena, hata ukishinda, sitaki kusikia sauti yako mu uwanja yangu."

Mniamini au msiniamini, nilitaka kuirudisha ile jeli. Lakini kikombe alikwisha kukisuuza, akidhani ni dawa yangu ya miguu. Halafu akakalia kigoda mlangoni mwa depo kuchambua samaki waliovunjika, na hakuinuka mpaka saa tisa.

Saa tisa uwanja ulijaa. Umuganda ulishaisha, watu walikuwa na njaa ya kuona, na wengine walikuja tu kuona mzee wa kaptura.

Vijana wangu wakatangulia. Sita wale, ukijumlisha walichoongeza tangu wiki ya kwanza, kilo tisini na sita. Nilijivuna kidogo. Ni kilo nyingi kwa saruji na kurasa saba.

Wakaja wa Muderhwa. Kila mmoja kwanza alipakwa jeli ya chupa yake, akafungwa mikanda, akaamshwa mapaja kwa umeme dakika chache, ndipo akaingia chini ya chuma. Watano wakapita. Kilo tisini na mbili, watano tu.

Amebaki Kamali. Ilimtosha aongeze kilo tano, kundi lake lishinde. Kila mtu pale alijua ataongeza ishirini.

Muderhwa akachukua chupa, akampaka, akafunga mikanda. Akabonyeza.

"Dokta, sisikii kintu," Kamali akasema.

"Ngoja." Akapandisha.

"Hata sasa, Dokta."

Akapandisha tena. Na tena. Jua lilikuwa kali, kijana alikuwa anatoka jasho, na jasho likajipenyeza chini ya mafuta likaupa umeme njia nyembamba, sehemu moja tu. Nimefungua redio mbovu nyingi maishani, nilijua kitakachofuata. Sikusema.

"Aiii!" Kamali akaruka kama aliyekanyaga kaa la moto.

Muderhwa akazima, akamfungua mikanda haraka. Pajani palikuwa na alama nyekundu, kubwa kama kifungo cha koti. Akasugua vidole vyake.

"Hii haiko jeli yangu. Hii ni mafuta." Akainua sauti. "Nani alishika hii chupa?"

Tulikuwa na kanuni, na aliyeing'ang'ania ni mimi, kwa kuogopa kwamba Muderhwa atawapa vijana vidonge. Yeyote atakayebadilisha kitu kwenye mazoezi, kilo zake hazihesabiwi na uwanja anauacha siku ileile.

Nzigire akanigeukia. "Mzee?"

Hilo tu. Mzee, na alama ya kuuliza.

Kamali alikuwa amepeleka vidole puani. Miaka minne niliyachua magoti yake kwa mafuta yale, usiku wa kuamkia mashindano na asubuhi baada ya kushindwa. Hakuna duka linaloyauza. Akainua macho, akanitafuta katika watu wote wale, akanipata.

Nikafungua mdomo. Naapa niliufungua.

"Ni miye," akasema Kamali.

Muderhwa akamtazama. "Weye?"

"Jeli ilikuwa inaniwasha. Nikaweka mafuta ya kwetu. Unisamehe, Dokta."

"Kamali, kila siku nilikuuliza kama inakuwasha. Kila siku ulisema hapana."

"Nilisikia haya."

Muderhwa akainama tena karibu na lile paja. Mtu yule nimemchukia kwa moyo wangu wote, lakini nitasema nilichokiona. Aliiona alama pajani, akaiona haya usoni, na macho yake yakalowa. "Kanuni ni kanuni," akasema polepole. Akaanza kukunja nyaya.

Tisini na sita kwa tisini na mbili.

Vijana wangu wakapiga kelele, wakaninyanyua juu kama ekseli. Huko juu nikaona kila kitu. Nikamwona Muderhwa anafunga begi. Nikamwona Kamali anaokota fulana yake na kigogo cha kuegemeza vyuma, kile alichokichonga mwenyewe mwaka wa kwanza, anafikiri, anakirudisha chini.

Waliponishusha, Nzigire alikuwa mbele yangu. Akanivuta kando, akasema kwa sauti ya chini:

"Nilifikiri ni weye. Nilikuwaza vibaya, Mzee. Hata mbele ya bantu nilikutazama vibaya. Unisamehe."

Akaniwekea ufunguo wa lango kiganjani. Katika miaka kumi na miwili hakuwahi kumpa mtu ufunguo ule.

"Na kesho," akaongeza, "ukuje tukule pamoja. Ndani. Haiko barazani."

Pale langoni Kamali alikuwa amechuchumaa anafunga kamba za viatu. Akafunga cha kulia. Akakifungua. Akakifunga tena, polepole, macho kwangu, si kwenye kiatu, kama anayengoja niseme.